Moto Usilale Nasi Chumbani

Kila mwaka, mvua za masika zikishakatika na mahindi yakianza kukauka mashambani, mji wa Babati huamka asubuhi moja na kujikuta umo katika majira mengine. Mlima Kwaraa, ambao jana ulionekana wazi hata miti yake, leo umejifunika ukungu hadi kiunoni. Na pale stendi wapiga debe, watu wasiojua kunyamaza mwaka mzima, wamenyamaza, mikono wameificha makwapani. Hapo watu husema neno moja tu, "Imeingia," wala hapana aulizaye ni nini kilichoingia.

Ndugu zetu wa pwani hucheka wakitusikia tukilalamika. Kwao kipupwe ni majira ya raha: jasho limepungua, na usiku mtu aweza kujifunika shuka akaona utamu wa usingizi. Lakini mji wetu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na wajuao mambo ya hewa husema ya kuwa kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6. Miezi ya Juni, Julai na Agosti jua limekwenda kaskazini, nasi tulio kusini ya ikweta, ingawa kwa nyuzi 4 tu za latitudo, twapata fungu letu la majira ya baridi. Aliyeko Magugu, bondeni, aweza kutembea na shati moja saa ileile ambayo ndugu yake wa Bashanet, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, hathubutu kutoka nje pasipo blanketi begani. Babati yenyewe iko kati ya hao wawili, na labda ndiyo sababu twajidanganya. Si joto kama Magugu, wala si baridi kama Bashanet. Basi mtu huona haya kununua blanketi la pili.

Tena wako wasemao, "Ulaya kuna theluji, nanyi mwatetemeka kwa nyuzi 12!" Hoja hiyo haina uzito. Mtu wa Ulaya hukaa katika nyumba yenye kuta nene na vioo viwili dirishani, na ndani mna mtambo wa kupasha joto. Nyumba zetu zilijengwa kwa ajili ya jua na mvua. Baridi haipimwi kwa nyuzi peke yake. Hupimwa pia kwa kile kilichosimama kati yake na mwili wa mtu. Mtoto aliyelazwa juu ya mkeka, sakafuni, chini ya bati tupu, naye amejifunika khanga moja ya mama yake, yumo katika baridi kali kuliko Mzungu aliye nyumbani mwake katikati ya Januari.

Basi watu hufanyaje? Hufanya lile lililo karibu na mkono. Na hapo ndipo penye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ni saa 2 usiku. Mama amekwisha kupika, watu wamekula, na mkaa bado ungali mwekundu katika jiko. Kuuacha uani ni hasara, maana kila kopo la mkaa limenunuliwa kwa fedha ya jasho. Ameungoja moshi uishe, kwa sababu yeye si mjinga. Ajua ya kuwa moshi ni mbaya. Sasa mkaa ni safi, hauna moshi wala harufu. Huliinua jiko kwa kitambaa, akaliingiza chumbani, akafunga dirisha, akasukuma gunia chini ya mlango ili upepo usipite, na watoto wake wakalala kwa furaha. Yote aliyoyafanya ameyafanya kwa upendo. Nayo yaweza kuwaua wote kabla jogoo hajawika.

Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, hasa pale ambapo hewa ya kutosha haiufikii moto. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikoozi. Moshi una adabu: humwonya mtu kabla ya kumdhuru. Hii haina adabu hiyo. Ikivutwa kwa pumzi huingia katika damu na kukamata hemoglobini, ile sehemu ya chembe nyekundu ichukuayo oksijeni na kuigawa mwilini. Tena huikamata kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mfano wake ni kama basi la kwenda Arusha ambalo abiria wasio na tikiti wameingia kwa dirisha na kukalia viti vyote, wala hawataki kushuka. Basi latembea, dereva yupo, lakini abiria halali wamebaki kituoni. Moyo wapiga, pumzi yaingia, na hali ubongo wafa kwa kukosa oksijeni. Kwa kuwa mtu hulala usingizi kwanza na kuzidiwa baadaye, hapati hata nafasi ya kupiga kelele.

Jambo hili si geni duniani. Mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, alilichunguza katika miaka ya 1890, akaona ya kuwa wachimbaji wengi wa makaa ya mawe waliofia migodini baada ya mlipuko hawakuuawa na mlipuko wenyewe, bali na hewa hii iliyofuata. Alijaribu hata kuivuta mwenyewe ili ajue humfanyaje mtu, jambo ambalo simshauri msomaji. Ni kwa shauri lake wachimbaji wakaanza kushuka shimoni na ndege wadogo katika vizimba, kwa kuwa ndege huanguka mapema kabla ya mtu kuona lolote. Na desturi hiyo ilidumu katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986. Wala asidhani mtu ya kuwa elimu au cheo ni kinga. Mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, Emile Zola, alikufa katika chumba chake cha kulala huko Paris mwezi wa Septemba 1902, kwa sababu bomba la moshi la nyumba yake lilikuwa limeziba naye amewasha moto kujikinga na baridi. Mke wake, aliyekuwa chumba kilekile, alinusurika.

Mimi nami nilikaribia kuyaona hayo. Miaka kadhaa iliyopita nililala katika nyumba moja ya wageni, mahali nisipotaka kupataja, usiku wa baridi ya mwezi wa Julai. Mhudumu, kijana mwenye heshima, aliniona natetemeka akaniletea jiko la mkaa bila kuombwa, na nikamshukuru. Usiku wa manane niliamka kichwa chaniuma kama kilichofungwa kwa kamba, na nilipojaribu kusimama miguu ilikataa. Nadhani kilichoniokoa si akili yangu. Ni haja ndogo iliyonilazimisha kutambaa hadi mlangoni. Nilikaa nje barazani nikitapika, baridi ikinipiga, nikimlaani mbu aliyeniambukiza malaria. Kulipokucha ndipo nilipolitazama lile jiko na kuelewa.

Watu wazima huniuliza: mbona babu zetu walilala na moto ndani ya nyumba, nao hawakufa? Swali hili lastahili jibu la heshima, kwa kuwa si swali la kipumbavu. Wairaqw wa nyanda za Mbulu, ambao wengi wao walishuka na kuhamia pande hizi za Babati na Hanang katika karne iliyopita, walikuwa na nyumba iliyochimbwa nusu ndani ya mteremko wa kilima, yenye paa bapa la udongo. Majirani zao wengine nao, kama Warangi wa Kondoa, walijenga tembe. Udongo mnene wa paa na kuta hunywa joto la jua mchana na kulirudisha polepole usiku. Ng'ombe na mbuzi walilala humo humo, na mnyama mkubwa kama ng'ombe ni jiko lisilokula mkaa. Moto wa kuni uliwaka, naam, lakini ulikuwa moto wenye moshi, na hakuna awezaye kusahau kuwa moto wa moshi umo ndani.

Sisifu tembe kupita kiasi. Ndani mlikuwa na giza, na katika nyufa za sakafu ya udongo papasi walikaa na kueneza homa yao. Moshi nao una deni lake: Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa uchafu wa hewa majumbani, utokanao na kuni, mkaa na nishati nyingine za namna hiyo, uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020, wakiwamo watoto wengi wadogo waliokufa kwa maradhi ya mapafu. Tumeiacha tembe, na hatukukosea kuiacha. Lakini nyumba tuliyoihamia ni kitu kingine kabisa. Ni ya tofali, imepigwa lipu, ina dari na madirisha ya alumini yafungwayo yakafungika. Hewa haipiti. Tumebadilisha nyumba, na desturi ya moto tumekuja nayo kama ilivyokuwa. Chumba kilichojengwa vizuri, ambacho ni fahari ya mfanyakazi aliyedunduliza mshahara wake miaka kumi, ndicho chumba cha hatari zaidi kuingizia jiko la mkaa kuliko kibanda chenye matundu.

Kuna na imani nyingine zipasazo kuondolewa. Wako wawekao beseni la maji kando ya jiko, ati maji yatainywa sumu. Hewa hii karibu haiyeyuki katika maji, na beseni halisaidii lolote. Wako wafunikao mkaa kwa majivu ili uwake polepole hadi asubuhi. Hao wameupunguzia moto hewa, na moto ulionyimwa hewa ndio utoao sumu zaidi. Wako waachao dirisha wazi kwa upana wa kidole, nao hujiona wamefanya tahadhari. Dirisha hilo si dhamana. Mahali pa jiko la mkaa wakati wa kulala ni nje ya nyumba, wala si ukumbini, wala si jikoni penye mlango ufungukao chumbani. Jenereta nayo, ambayo wenye maduka huiwasha umeme ukikatika, hutoa sumu hiyohiyo.

Dalili zake zafanana na za malaria kiasi cha kumdanganya hata mtu mwangalifu: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Alama ya kupambanua ni hii, kwamba homa huchagua mmoja mmoja, na hewa ya sumu huwapata wote waliomo chumbani kwa wakati mmoja, kisha hupungua wakitoka nje. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango na madirisha yote, mtoe kwenye hewa safi, mpeleke hospitali upesi, iwe Mrara hapa mjini au Dareda kwa walio upande ule. Na usiache kumwambia mganga ya kuwa palikuwa na jiko ndani. Neno hilo moja laweza kuokoa uhai, kwa maana dawa ya mgonjwa huyu ni oksijeni. Akivuta hewa ya kawaida, damu huchukua saa nne hadi tano kuondoa nusu ya sumu. Akivuta oksijeni kwa kifuniko cha uso, muda huo hupungua ukawa kama saa moja na nusu. Mama mjamzito apelekwe hata kama ajiona mzima, kwa kuwa mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi kuliko mama.

Lakini kumwambia mtu aliache jiko nje, kisha tusimwambie atapataje joto, ni kumwachia baridi yote peke yake. Joto hupatikana. Mwili wa mtu mzima aliyetulia hutoa joto la kiasi cha wati 80 hadi 100, karibu sawa na zile balbu za zamani zilizokuwa zikiunguza vidole. Watu wanne chumbani ni balbu nne. Kazi yetu basi si kuleta moto mwingine bali kuuzuia huo tulio nao usikimbie.

Hukimbilia wapi? Kwanza juu. Bati ni chuma chembamba: mchana huchoma, na usiku wa mbingu tupu hupoa upesi kuliko kitu chochote kingine cha nyumba. Ndiyo maana alfajiri matone humdondokea mtu usoni ilhali nje hakuna mvua. Ni pumzi zetu wenyewe zilizopanda, zikakuta bati la baridi, zikageuka maji. Nyumba ya bati isiyo na dari ni sawa na mtu aliyevaa koti zuri na kichwa wazi. Asiye na fedha ya mbao au jasi aweza kushona viroba vitupu na kuvitandika kutoka ukuta hadi ukuta, mbali na taa yenye moto. Kazi ya siku moja, na tofauti huonekana usiku uleule. Wenye nyumba za kupangisha wa hapa mjini, ambao kodi huidai kwa miezi sita au mwaka mzima mbeleni, sidhani kama wangefilisika kwa kuweka dari. Nalisema hili makusudi.

Jua nalo ni la bure. Tangu saa 4 asubuhi madirisha yafunguliwe, magodoro na mablanketi yaanikwe, kwa kuwa blanketi lenye unyevu halimpi mtu joto, humnyang'anya. Ifikapo saa 10 jioni, kabla jua halijapoa, madirisha yafungwe ili joto lililoingia libaki kwa muda. Wengi wetu hufanya kinyume, hukumbuka dirisha usiku, baridi ikiwa imekwisha kuketi kitandani.

Pili, joto hukimbilia chini. Mtu hujifunika mablanketi mawili juu akashangaa mbona bado atetemeka. Ni kwa sababu sakafu ya saruji yamnyonya kwa chini. Mwenye mablanketi mawili na godoro jembamba, moja alitandike. Walalao sakafuni waweke chini mkeka, maboksi yaliyokunjuliwa, au nguo kuukuu, kisha ndipo godoro. Na kama mkaa wa jioni bado unawaka uani, uchemshe maji, nayo ndiyo yaingie ndani badala ya jiko: yatiwe katika chupa imara isiyovuja, yakiwa yamepoa kidogo, chupa izungushiwe nguo, iwekwe penye miguu. Mtoto mchanga asiwekewe, maana ngozi yake huungua kwa joto ambalo mkono wa mama haulioni kuwa ni kali.

Mtoto mchanga ana jiko lake mwenyewe, nalo ni kifua cha mama. Mwaka 1978 daktari mmoja wa Bogota, nchi ya Kolombia, jina lake Edgar Rey Sanabria, alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunzia. Akaagiza mama awafunge watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Watoto wakapata joto, wakanyonya, wakaishi. Desturi hiyo leo hufundishwa katika hospitali zetu kwa jina la malezi ya kangaroo, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilishauri ianzwe mapema iwezekanavyo baada ya mtoto njiti kuzaliwa. Baba naye ana kifua, na hakuna sheria ya mila niijuayo imkatazayo kukitumia. Kichwa cha mtoto kifunikwe kofia, na asiogeshwe kabla saa 24 hazijapita tangu kuzaliwa, hata bibi akisema vinginevyo. Tumheshimu bibi, ila maji yasubiri.

Wazee nao wana jambo lao. Mwili wa mzee hauhisi baridi mapema kama wa kijana. Aweza kukaa barazani asubuhi yote akisema hajambo, hali mikono yake imekuwa baridi kama jiwe. Asiulizwe tu, aguswe mkono. Balozi wa nyumba kumi, ambaye huzunguka na daftari wakati wa michango, azunguke pia bila daftari katika wiki za Julai, hasa kwa wazee wanaoishi peke yao.

Kwa upande wa chakula sina mengi, kwa kuwa akina mama wa Babati hawahitaji kufundishwa uji wa ulezi, chai ya tangawizi wala makande. Tumbo lenye chakula hutoa joto, na mwenye njaa hutetemeka mapema. Gongo ni habari nyingine. Mnywaji husema imempasha moto, nami naamini kwamba ndivyo ajionavyo, maana pombe huifungulia damu njia ije kwenye ngozi, na ngozi ikaona joto. Lakini joto lile ni la ndani ya mwili, limetolewa nje kutupwa. Aangukaye njiani usiku akiwa amelewa hupoa upesi kuliko mwenzake mkavu, tena hajui ya kuwa apoa.

Sasa tuwatazame walio nje. Majira haya ya baridi ndiyo majira ya mavuno, na wakulima wengi hulala mashambani kulinda mahindi na mbaazi. Barabara ya kutoka Dodoma kwa njia ya Kondoa, iliyofunguliwa kwa lami yote mwaka 2018, yakutana hapa na ile ya Arusha na Singida, na malori hukesha. Utingo hulala juu ya shehena, chini ya turubai. Vijana wa bodaboda huanza kazi kabla ya saa 11 alfajiri kuwawahi abiria wa mabasi. Hao nawaomba walitazame hesabu hii: hewa ya nyuzi 10, ukiikata kwa pikipiki iendayo kilometa 60 kwa saa, huonekana mwilini kama nyuzi 5. Vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kushika breki, na breki iliyochelewa hailaumu baridi. Glovu si mapambo.

Kanuni ya mavazi ni fupi. Nguo tatu nyembamba hushinda moja nene, kwa sababu kinachohifadhi joto ni hewa iliyonaswa katikati yake. Sweta la sufu, ambalo huweza kupatikana katika mitumba kwa bei ya maskini, hutunza joto hata likipata unyevu. Fulana ya pamba iliyolowa jasho au ukungu humpoza mtu, kwa kuwa maji huchukua joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Afikaye kazini amelowa abadili nguo kwanza, salamu baadaye.

Kisha kuna mlinzi. Twampita kila usiku mlangoni pa benki, duka au ghala, amekaa juu ya kiti cha plastiki, na mara nyingi ana jiko lake la mkaa mbele yake. Akiwa nje uwanjani jiko hilo ni halali yake. Hatari huja saa 9 usiku, baridi izidipo, anapoliingiza katika kibanda cha ulinzi chenye mlango mmoja na kujifungia humo. Mwajiri aliyempa kibanda na asimpe koti ndiye aliyemsukuma humo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake na madhara ya kazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huuhesabu usiku kuwa ni tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kumpa mfanyakazi nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyoifanya katika muda huo. Walinzi wangapi wajua habari ya asilimia hiyo? Koti zito, kofia ya sufu, viatu vizima na ubao wa kuwekea miguu isikanyage saruji, gharama yake yote haifiki thamani ya kitasa kimoja cha mlango anaoulinda.

Na mpaka koti hilo lije, kuna msaada mdogo uliojaribiwa na wengi. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Ufaransa, wakishafika kileleni mwa mlima na kabla ya kuteremka kwa kasi, walikuwa wakipokea magazeti kutoka kwa watazamaji na kuyasunda kifuani, ndani ya nguo, kuzuia upepo. Karatasi nne au tano zilizokunjuliwa, kati ya fulana na shati, zatosha. Gazeti hili likikwisha kusomwa laweza kufanya kazi hiyo hadi asubuhi, na mwandishi hatachukia.